Kohoa Kama ni Kweli

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa barazani kwa Delphine Tolliver, visigino vimebanana, napimwa urefu kwa mpini wa ufagio.

Kama gazeti lilikupita, hasara yako si kubwa. Jina langu Corliss Pettway. Niko mwaka wa pili katika chuo chetu cha watu weusi hapa Alabama, nasomea ukutubi, na mimi ni mwoga wa watu. Sisemi mwoga kidogo. Nikiingia dukani, muuzaji akiniuliza natafuta nini, namwambia nimekosea mlango.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeomba kuingia chama cha madada.

Vyama hivi vina majina ya herufi za Kigiriki, tatu tatu, ambayo hata Mgiriki angeomba umrudie taratibu. Chuoni hakuna anayeyatumia. Kuna Nyuki, wa nyeusi na njano. Kuna Korongo, wa kijivu na chungwa. Vipo na vyama vingine, lakini ukiwauliza Nyuki watakwambia havipo.

Mama yangu ni Nyuki. Bibi yangu alikuwa Nyuki hata akazikwa na skafu ya njano. Mimi niliomba Korongo, wakanikubali, na mama sikumwambia.

Sasa ule ufagio. Tulikuwa wasichana sita, na desturi ni kwamba mstari wa wanaoingia hupangwa kwa kimo, mfupi mbele, mrefu nyuma. Aliye mbele ndiye anayeanzisha kila kitu: salamu, historia ya chama, wimbo, mpaka ule mlio wa korongo. Yeye ndiye sauti ya mstari mzima.

Delphine, kungwi wetu, aliulaza mpini juu ya vichwa vyetu mmoja baada ya mwingine. Ulipofika kwangu ukaelea hewani.

"Pettway," akasema, "Mungu ana utani na wewe."

Nikawekwa mbele.

Mnaniuliza kwa nini Korongo, wakati kwetu hata mapazia ni ya njano. Nitawajibu. Mwaka wa kwanza nilitakiwa kusoma insha mbele ya darasa, nikakimbilia chooni na kujifungia. Aliingia msichana nisiyemjua, akakaa juu ya sinki, akaanza kumenya chungwa. Hakuniuliza nina nini. Alipitisha nusu ya chungwa chini ya mlango, akaendelea kula nusu yake. Tulikaa hivyo mpaka kipindi kikaisha.

Huyo alikuwa Delphine. Nyuki angegonga mlango na kuniuliza kama mimi ndiye mtoto wa Verdell Pettway.

Kila mtu huniuliza hivyo. Mama yangu alikuwa malkia wa Nyuki wa kusini kote kwa miaka mingi, na sauti yake inasikika kaunti mbili. Nilitaka mahali pamoja tu duniani ambapo ningekuwa mtoto wa mtu yeyote.

Basi nikapapata, nikawekwa mbele.

Sheria ya kwanza ya mstari ilinifurahisha: kunyamaza. Mpaka siku ya kutolewa nje, yaani kuvuliwa barakoa mbele ya umati, mtu wa mstari hasemi na yeyote asiye wa mstari, na hatamki yuko chama gani, hata kwa mama mzazi. Wenzangu walilia. Mimi nilikaribia kumbusu Delphine. Maisha yangu yote watu wananiambia, "Corliss, sema kitu." Kwa mara ya kwanza nimepata watu wanaoniambia nifunge mdomo.

Sheria ya pili ilinirudisha duniani: salamu. Kila tukimwona dada mkubwa wa Korongo, hata akiwa ng'ambo ya bwawa, wa mbele apaze sauti.

"Pettway, nimesikia mbu," Delphine aliniambia siku ya kwanza.

Nikapaza.

"Sasa nimesikia mbu mwenye njaa."

Kufikia wiki ya tatu nilikuwa napiga kelele kama mpiga debe. Hata mimi nilijishangaa. Tatizo, koo langu liliisha. Lilibaki likikwaruza kama kijiko kwenye ukoko wa sufuria.

Na koo hilo ndilo lililoniponza.

Jumapili tuliruhusiwa kupiga simu nyumbani, mmoja mmoja, jikoni kwa Delphine, naye akiwapo. Siku hiyo alikuwa anakaanga kambare. Nikampigia mama.

"Usiniambie kitu," mama akasema kabla sijasema kitu.

"Sawa, Mama."

"Hiyo sauti imefanya nini?"

"Mafua."

"Mafua." Nikamsikia anatabasamu. "Na mimi niliyapata mafua hayo, mwaka wa pili, majira haya haya. Bibi yako naye aliyapata. Ni mafua ya ukoo wetu."

"Mama, kuna jambo nataka..."

"Usiniambie. Nimekula kiapo tangu hujazaliwa, usije ukanivunjisha leo. Na wewe huruhusiwi kusema uko wapi. Naijua sheria, mwanangu, nusu yake niliitunga mimi."

Ni kweli, aliitunga.

"Ila kikohozi hakina sheria," akasema, akishusha sauti kama mwizi. "Kohoa kama ni kweli."

Nikabana pumzi.

Ndugu msomaji, nilibana. Nilibana mpaka nikaona nyota. Ningekata simu salama kabisa, lakini wakati huo huo Delphine akamimina pilipili kwenye unga wa samaki, akatumbukiza kambare, na moshi ukanijia usoni.

Mnapaswa kukijua kikohozi changu. Kinaanza kavu, mara mbili, halafu kinamalizia kwa mlio wa bata aliyekanyagwa. Nimekuwa nacho tangu utotoni. Kanisani walikuwa wanajua nimefika bila kugeuka.

Kikatoka chote, pamoja na bata.

Kisha mama yangu, mwanamke aliyemzika mumewe bila kutoa chozi mbele za watu, akaanza kulia.

"Bata wangu," akasema. "Bata wangu wa Nyuki." Akakata simu.

"Mama yako ana furaha ya nini?" Delphine akauliza, bila kuacha kugeuza samaki.

"Kanisani kumezaliwa mtoto," nikasema. Akanyoosha mkono, nikamrudishia simu, akaitia kwenye mkoba wake mpaka siku ya kutolewa nje.

Kile ambacho mama alifanya baada ya hapo nilikuja kukisikia kwa mtu mwingine. Aliagiza keki ya rangi mbili. Aliazima basi la kanisa. Akatoa kabatini kisanduku cha bibi chenye pini ya nyuki wa dhahabu. Kwa desturi yao, binti wa Nyuki akitolewa nje, mama mwenyewe huinuka mbele ya umati na kumchoma ile pini kifuani. Bibi alimchoma mama. Mama alikuwa akinisubiri mimi tangu nilipokuwa na meno mawili.

Mtu aliyenieleza haya alinifuata kwenye ukumbi wa chakula, Ijumaa, tumekaa mstari mzima tunakula maharagwe bila kuinua macho.

"Wewe ndiye Pettway," akasema, akavuta kiti.

Charmaine Ousley, mwenyekiti wa Nyuki wa chuo. Wenzangu watano wakaacha kutafuna.

"Najua huruhusiwi kunijibu, kwa hiyo utanisikiliza. Mama yako amenipigia, akanihesabia keki, basi la kanisa na pini ya bibi yako. Anataka kujua unapenda maua gani, maana kesho unatoka na sisi." Akainama. "Nikaenda kuangalia mstari wangu. Nikauangalia mara mbili, nikidhani labda umejificha chini ya meza."

Nikaangalia maharagwe.

"Sikumwambia. Unajua kwa nini? Kwa sababu namwogopa. Mama Verdell aliwahi kunifanya nirudie wimbo wa chama kwenye maegesho ya magari mpaka mvua ikaja." Akavuta pumzi. "Sikiliza, mdogo wangu. Msichana wangu mmoja ameacha. Pengo lake lipo katikati ya mstari. Kimo chako kinatosha ukivaa viatu vya kisigino. Njoo kesho asubuhi, kabla ya viapo. Ngoma utasimama tu, nitasema umeteguka. Mama yako hatajua. Hawa," akawaangalia wenzangu, "watanuna wiki moja."

Nikasukuma haragwe moja mpaka ukingoni mwa sahani.

"Kama unakubali, tikisa kichwa."

Sasa niwaambie mimi ni nani. Mimi wakala wa bima akinipigia simu, siwezi kumkatia. Nina bima ya mashua, na kwetu hatuna hata beseni kubwa. Akilini nilimwona mama na kisanduku mkononi. Nilimwona anamtazama kila msichana na mimi simo.

Nikatikisa kichwa.

Charmaine akafunga macho, kama mtu aliyefutiwa kesi. Akaondoka.

Wenzangu wanne wa katikati wakanitazama kama nimetapika mezani. Wa mwisho tu, Jerusha, aliendelea kula. Jerusha anatoka Detroit, ana urefu wa mlango, na kila tunapotembea mkono wake wa kushoto uko begani mwa mwenzake na wa kulia umebeba mikoba yetu yote.

Mchana huo tulifua sweta zetu za kijivu kwenye chumba cha mashine. Sisi kwa sisi tuliruhusiwa kuongea, lakini hakuna aliyeongea na mimi. Mmoja mmoja wakatoka, nikabaki na Jerusha.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilianza, "Jerusha, kesho..."

"Kunywa hii kwanza." Akanipa chupa. Asali na limau, ya moto. "Nimemwomba mama wa jikoni. Sauti yako ikikatika kesho tumekwisha, hakuna mwingine anayeijua historia yote."

Nikanywa. Asali ya nyuki. Ilinishuka vibaya.

"Hawa wengine wamekasirika," akasema, akikung'uta sweta. "Mimi sijakasirika. Mama ni mama. Ningekuwa naye, hata mimi ningetikisa kichwa."

Nikafunga kifuniko cha chupa, nikakifungua tena.

"Ila kama utabaki," akasema, "nina ombi. Kaka zangu hawataweza kuja, Detroit ni mbali na wanafanya kazi Jumamosi. Sina mtu kesho. Na mimi ni wa mwisho kuvuliwa barakoa. Watu wanakuwa wameshachoka kushangilia, wanatafuta funguo za magari. Mama yako akija, mwambie anipigie makofi na mimi. Hata ya uongo. Nasikia ana mikono mikubwa."

Alikunja sweta yangu, akaiweka juu ya zake.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi sikwenda kwa Charmaine. Nilikula kiapo cha Korongo, mkono juu ya manyoya ya kijivu ambayo, nakula kiapo kingine, yalikuwa ya kuku. Nililia. Delphine alinifuta kwa mkono wa sweta yake.

Hapo mngeniambia, vizuri, Corliss, sasa mpelekee Charmaine kikaratasi kwamba huji. Lakini kusema hapana kunataka mtu aseme. Nilijiambia atajua mwenyewe asiponiona. Nikajiambia mama ataambiwa na mtu fulani, kwa njia fulani. Nilikuwa nimeweka matumaini yangu yote kwa mtu fulani.

Nyuki walitoka kwanza, kisha ingekuwa zamu yetu, kwenye uwanja ule ule mbele ya kanisa la chuo. Sisi tulisubiri nyuma ya maktaba, barakoa mkononi. Barakoa zetu zina mdomo mrefu wa korongo na mabawa ya karatasi pembeni. Ukiivaa unaonekana kama mtu aliyewakasirikia samaki.

Nikachungulia pembeni ya ukuta.

Umati ulikuwa mkubwa. Safu ya mbele ilikuwa ya njano tupu, kofia za njano, viatu vya njano, kina mama wa basi la kanisa, na katikati yao mama yangu, kisanduku magotini. Hakukaa akaegemea. Alikaa kama mtu anayesubiri jina lake hospitalini.

Nyuki wakaingia. Wakapiga ngoma yao ya miguu, vumbi jekundu likapanda. Na katikati ya mstari wao, kweli, kulikuwa na pengo. Charmaine hakulifunga. Alikuwa amenisubiri mpaka dakika ya mwisho, na sasa wasichana walicheza wakilizunguka kama ulimi unavyozunguka mahali pa jino lililong'oka.

Wakaanza kuvua barakoa. Kila moja ikivuliwa, umati unapasuka, ukoo mmoja unaruka juu. Mama aliwatazama wote. Wa mwisho alipofunua uso, mama akawa ameshasimama, kisanduku kimefunguliwa, anaangalia pengo.

Charmaine akamkimbilia, akamnong'oneza. Sijui alisema nini. Nilimwona mama anaitikia kwa kichwa mara moja, kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa nyama imekwisha. Akakifunga kisanduku.

Halafu akawageukia wale wasichana, mabinti wa watu, akawapigia makofi. Makofi yake makubwa. Mpaka wa mwisho.

Ningeweza kuvumilia kama angepiga kelele.

Akaketi. Akatoa simu.

Nyuma yangu kitu kikaanza kutetemeka. Mkoba wa Delphine. Akaitoa simu yangu, akaisoma, akanitazama.

"Mama," akasema. "Nipokee?"

Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka, upepo tu.

"Pettway, tulijua," Delphine akasema. "Tangu siku unaomba. Kuna mtu asiyemjua Verdell? Mwaka wangu wa kwanza niliketi kwenye benchi la Nyuki bila kujua. Mama yako alikuwa amekuja kwa sherehe. Akaninyanyua kwa sikio, mbele ya wazazi wangu, halafu akaninunulia barafu ya stroberi na kunieleza benchi lipi ni la nani." Simu ikaacha kutetemeka, ikaanza tena. "Tulitaka kuona utasema lini. Tumekata tamaa kama mara mbili."

"Dada Mkubwa," Jerusha akasema kwa nyuma, "zamu yetu."

Delphine akashika simu mkono mmoja, barakoa yangu mkono mwingine. "Ukitaka, pitia huku, umfikie mama yako kabla hatujaingia. Nitasema umeugua. Hakuna wa kukulaumu, na kiapo chako kinabaki. Lakini hutatolewa nje na hawa. Anayetolewa, anatolewa mara moja."

Simu ilitetemeka. Wenzangu walikuwa wameshajipanga, mikono mabegani. Mbele ya mstari palikuwa na nafasi ya mtu mfupi.

Siku hiyo nilikuwa nimeshaona pengo moja. Nikavaa barakoa.

Tuliingia tukitembea kwa mguu mmoja mmoja, kama korongo kwenye tope, bega kwa mkono, mkono kwa bega. Umati ukashangilia, kisha ukanyamaza kama inavyotakiwa. Hapo ndipo wa mbele anasalimia. Salamu ni fupi: jina la chama, majina ya waasisi, kisha mlio. Baada ya hapo miguu inaanza na huwezi kukosea.

Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo.

Hakuna.

Nikajaribu tena. Nilisikia hewa inapita kama kwenye tundu la ufunguo. Sauti niliyoitafuta miaka yote, niliyoipata kwa wiki tatu, ilikuwa imekwisha yote kwenye mabwawa na maegesho ya chuo.

"Korongo wameleta bubu," mtu akasema nyuma ya umati. Kicheko kikapita.

"Muwekeeni betri."

"Huyo wa mbele ni kifaranga, mama yake yuko wapi?"

Mkono wa aliye nyuma yangu ukanibana bega. Ndani ya barakoa kulikuwa na joto, vumbi jekundu la Nyuki bado linaelea, likaingia kwenye tundu la mdomo wa korongo, likanifika kooni. Nikabana pumzi. Nilibana kama nilivyobana jikoni, mpaka nyota.

Kikatoka. Kavu, mara mbili. Kisha bata.

Uwanja mzima ukacheka. Kina mama wa njano walicheka pia, wakapigana mabega.

Kofia moja haikucheka. Ilikuwa imeinama kwenye simu. Ikainuka polepole, ikageuka upande wangu, na chini yake nikaona uso wa mama ukinitafuta kati ya mdomo na mabawa ya karatasi.

Mama akasimama.

Mnajua, au labda hamjui, kwamba mstari ukiwa uwanjani hakuna anayeuvuka. Hata mkuu wa chuo huzunguka. Watu wameshapigana makonde kwa kukata mstari wa watu. Mama yangu ndiye aliyewafundisha nusu ya watu wa pale. Na mama yangu akaivuka kamba ya uwanja, akatembea katikati ya uwanja kwa viatu vya njano, kisanduku mkononi.

Kicheko kikafa chenyewe.

"Mama Pettway," Delphine akasema, akimwendea, "nakuomba. Wamalize kwanza."

"Nakukumbuka wewe," mama akamwambia bila kusimama. "Barafu ya stroberi. Kaa pembeni, binti."

Delphine akakaa pembeni.

Kule nyuma kabisa, Jerusha akaanza kupiga mguu chini. Peke yake, taratibu. Alikuwa anajaribu kunipa muda. Wa tano akamfuata, wa nne akafuata, mpaka ardhi ikawa inatetemeka chini ya nyayo zangu, nao wote wanasubiri neno la kwanza litoke kwangu.

Mama akafika. Sikuwahi kumwona kwa karibu hivyo akiwa hajui aanze na neno gani. Manukato yake ya Jumapili yakapenya kwenye barakoa.

Mkono wake ukapanda, ukashika ule mdomo mrefu wa korongo, haukuuvuta.

"Sikuulizi jina," akasema, polepole, mimi tu nisikie. "Sheria naijua. Na kama si wewe, namwomba radhi mama yako popote alipo, nitarudi kwenye kiti changu." Sauti yake ikakwama, akaitafuta, akaipata. "Kohoa tena."

Miguu ilikuwa inapiga nyuma yangu. Nilitazama chini kupitia tundu la barakoa. Kisanduku cha bibi kilikuwa kati yetu, na kidole gumba cha mama kilikuwa kwenye kifuniko, na sikuweza kuona kama anakifungua au anakifunga. Safari hii pumzi sikuibana.

Nikavuta pumzi.